Chuya kwenye Skrini

Mama hachagui mchele ukiwa ndani ya sufuria. Anaumwaga kwenye ungo, anakaa barazani pale jua la asubuhi linapoingia kwa ubavu, anautandaza kwa kiganja mpaka unakuwa mwembamba, kisha anatulia kidogo. Hakagui punje moja moja. Angefanya hivyo chakula cha mchana tungekila jioni. Anautazama ungo mzima kwa pamoja, na chuya inajileta yenyewe: imevaa ganda lake la manjano katikati ya weupe. Kidole kinashuka, kinaondoka nayo. Kinachomsumbua ni jiwe, kwa sababu vijiwe vingine vya huku kwetu Kyela vina weupe uleule wa mchele. Kwa jiwe huacha kutazama, akautikisa ungo na kusikiliza.

Miaka mitatu sasa nafanya kazi ya namna hiyo kwenye kompyuta mpakato ya mtumba. Majirani wanaopita hudhani nacheza gemu, maana skrini ni nyeusi na maandishi yana rangi. Naifundisha edita, yaani programu ya kuandikia maandishi matupu, mambo mawili: kupaka rangi na kukunja. Ni ufundi mdogo usio na cheti, na sijawahi kumsikia mtu akiusifu kwa Kiswahili. Basi acha niusifu mimi.

Waandishi wa programu wanaujua. Wanapoandika msimbo (vijana husema kodi, neno ambalo ukilitamka kwa sauti pale mpakani Kasumulu watu hushika mifuko), maneno ya amri hutokea kwa rangi moja, maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu kwa rangi nyingine, na maelezo ya pembeni hufifia kama mtu anayenong'ona. Ukisahau kufunga alama ya kunukuu, sehemu nzima ya chini inageuka rangi papo hapo, na kabla hujasoma hata neno moja umeshajua kuna mlango umeuacha wazi. Rangi zenyewe hazimo ndani ya faili. Faili ni herufi tupu, unaweza kulifungua kwenye simu ya bei ya chini likasomeka. Rangi huzaliwa upya kila mara linapofunguliwa, kwa kanuni ulizoziandika mahali pengine.

Mimi si mwandishi wa programu. Nakusanya maneno ya Kinyakyusa. Walionitangulia wapo: Knut Felberg alitoa kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996, ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na mwaka 2017 Bastian Persohn alichapisha kitabu kizima juu ya kitenzi cha Kinyakyusa, ambacho mtu yeyote anaweza kukipata bure mtandaoni. Kazi yangu ni kijumba kando ya majengo hayo. Natafuta majina ya samaki, ya sehemu za mtumbwi, ya hatua za mpunga tangu kitaluni hadi ghalani, yale ambayo wazee wa Ipinda na Matema wanayo kinywani na watoto wetu hawanayo.

Nilianza vibaya. Nilitumia programu ya kawaida ya ofisini, nikawa napaka rangi kwa mkono: naandika neno, nalichagua, nalipa bluu, naandika maana, naichagua, naipa kijani. Miezi ikapita. Siku ya kuchapa nikapeleka flashi kwenye steshenari moja mjini ambako kompyuta ilikuwa na toleo jingine la programu ileile. Bluu ilihamia kwenye mistari isiyo yake, kijani kikapotea, na herufi mbili ambazo hazipo kwenye kibodi ziligeuka vijisanduku. Kijana wa pale alinionea huruma, akakataa hata kunitoza. Hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyekuwa nimepaka rangi punje moja moja badala ya kusema, mara moja tu, chuya ni nini.

Sasa kila neno linaingia kwenye faili likiwa hivi:

\ki umundu
\wi abandu
\ma mtu
\mh Ipinda

Hapo *ki* ni kidahizo, yaani neno linaloelezwa, *wi* ni wingi wake, *ma* ni maana, *mh* ni mahali nilipolisikia. Alama hizi nimezitunga mwenyewe kutokana na Kiswahili, kwa sababu nitazisoma usiku nikiwa nimechoka. Kanuni ya rangi ya kidahizo ni mstari mmoja:

syntax match Kidahizo /^\\ki .*/

Kikofia kinasema "mwanzo wa mstari". Mkwaju ulioinama kinyume umeandikwa mara mbili kwa sababu ukiwa mmoja edita hudhani unaikonyeza. Nukta na nyota ni "chochote kifuatacho mpaka mstari uishe". Mstari mwingine chini yake unasema Kidahizo kiwe cha manjano, basi. Ukihifadhi na kulifungua faili upya, mamia ya maneno yanawaka kwa mkupuo, yale ya jana na ya mwaka juzi, hata ambayo bado hujayaandika umeshayawekea taa. Mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti.

Lakini furaha ya kuwaka kwa taa si ndiyo ninayoisifu. Ninachokisifu ni yale maswali ambayo kanuni inakulazimisha ujibu kabla haijakubali kufanya kazi. Nomino nyingi za Kinyakyusa hutembea zimevaa irabu mbele: *umundu*, *abandu*, *amisi* ambayo ni maji, *isofu* ambaye ni tembo. Ukipanga kamusi kwa herufi ya kwanza, nchi nzima inajazana kwenye a, i na u, na kurasa nyingine zinabaki ukiwa. Nikaamua irabu na kiambishi vififie, shina liwake. Ni rahisi kusema. Ila edita haijui shina, inajua herufi. Ilibidi niiambie wapi pa kukata, na mimi niliyelelewa kwa lugha hiyo nikagundua sijui. Nikawa kila baada ya muda mfupi namwita mama kutoka jikoni: "Mama, hapa neno linaanzia wapi?" Yeye hana habari ya viambishi. Alichofanya ni kunipa wingi. Nikisema *umundu*, yeye *abandu*. Na pale pale, maneno mawili yakiwa yamekaa moja juu ya jingine, kilichobadilika kilijitenga na kilichobaki. Nilikuwa nimefundishwa sarufi chuoni kwa miaka, na huo ndio uliokuwa mchana wangu wa kwanza kuiona.

Huwezi kukipaka rangi kitu ambacho hujui kinaishia wapi. Siku hizi nikikutana na mtu anayeeleza jambo kwa mapana yasiyoshikika, natamani kumwomba aniandikie kanuni yake ya rangi.

Kamusi na rangi za skrini zina undugu wa zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1985 Mike Cowlishaw wa IBM nchini Uingereza aliandika edita iitwayo LEXX kwa ajili ya Oxford University Press, wakati kamusi yao kubwa ya Kiingereza ilipokuwa ikihamishwa kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Wahariri walihitaji kuona, ndani ya kitomeo (neno pamoja na maelezo yake yote) kirefu kilichosongamana, kipi ni kidahizo, kipi ni tarehe, kipi ni mfano. LEXX iliwapa rangi wakati huohuo wakiandika, na ni miongoni mwa edita za kwanza kabisa kufanya hivyo. Toleo la pili la kamusi hiyo lilitoka mwaka 1989 likiwa na majuzuu 20. Kwa hiyo nikiwa hapa Kyela na majina yangu ya samaki, sijauazima ufundi huu kwa watu wa programu. Nimeukuta ulipowahi kukaa.

Edita yangu ni Vim. Ni ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991. Ukiifungua bila faili, katikati ya skrini, chini ya jina na namba ya toleo, mara nyingi kuna mstari unaomwomba mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Wengi huupita kama tangazo. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kwa karibu mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilayani Rakai, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na UKIMWI. Alishughulika na upanuzi wa kituo na mambo ya maji na usafi. Aliporudi kwao aliendelea kuigawa programu yake bure, akiomba tu kwamba anayeifurahia atume chochote Kibaale. Rangi ziliingia na toleo la 5.0 mwaka 1998, kukunja kukaja na 6.0 mwaka 2001. Alifariki Agosti 2023. Kibaale iko jirani na mpaka wa Tanzania kule juu, kama sisi tulivyo jirani na mpaka wa Malawi huku chini, na mimi napenda kufikiri kwamba aliyewahi kushughulika na maji na usafi ndiye anayejua kwa nini vitu vinahitaji mipaka inayoonekana. Huenda najidanganya.

Nirudi kwenye zile herufi zilizogeuka vijisanduku. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Mbili zinazozidi wengine huziandika kama i na u zilizokatwa mstari katikati, na kibodi zetu hazina vitufe hivyo, kwa hiyo kila mtu huzitafuta kwa njia yake. Rafiki mmoja alinitumia orodha ya maneno ya uvuvi kwa WhatsApp, kazi nzuri, nikaibandika kwenye faili. Kisha nikitafuta neno nililoliona kwa macho yangu, edita inajibu halipo. Nalisoma herufi kwa herufi, lipo. Natafuta tena, halipo. Usiku mzima ulipotea hivyo.

Kumbe u yake iliyokatwa haikuwa u yangu iliyokatwa. Yangu ilikuwa herufi moja kamili yenye namba yake. Yake ilikuwa u ya kawaida, na mstari umewekwa juu yake kama herufi ya pili isiyochukua nafasi. Kwenye skrini ni mapacha. Ndani ya kompyuta hata hawajuani. Hakuna jicho la binadamu ambalo lingewatenganisha, hata la mama kwenye ungo. Nikaandika kanuni: popote ule mstari wa kubandikwa unapoonekana, herufi iwe nyekundu. Nikafungua faili. Lilikuwa kama mtu amemwaga pilipili.

Hapo rangi ilifanya kitu ambacho ungo hauwezi. Chuya ilikuwa na sura ya mchele kabisa, nikaivisha ganda.

Kukunja ni kazi ya upande wa pili. Faili likipita mistari elfu mbili, rangi peke yake hazikusaidii, unakuwa kama mtu aliyesimama katikati ya gulio siku ya Jumamosi. Kukunja ni kuiambia edita: kila kitomeo kiviringishe kama mkeka, nionyeshe ukingo tu. Mkeka uliokunjwa haujatupwa. Umesimama nyuma ya mlango, mgeni akija unatandikwa. Kwenye Vim amri zote za kukunja huanza na herufi z, kwa sababu, maelezo yake yanasema, z ni kama karatasi iliyokunjwa ukiitazama kwa ubavu. Unabonyeza *za* mkunjo unafunguka au kufungika, *zo* unafunguka. Kwa wengi hizo ni herufi mbili mbili tu. Mimi kila nikibonyeza *za* nasubiri mtu aitikie "nzuri".

Nayo kanuni ya mkunjo inataka jibu lake: kitomeo kinaanzia wapi na kuishia wapi? Kuanza ni rahisi, ni pale palipo na *ki*. Kuisha sikuwa nimekuwekea alama. Nilifikiria kuweka mstari wa kufungia kila kitomeo, nikaona nitausahau mara mia. Mwishowe nikaandika kwamba kitomeo kinaisha pale kingine kinapoanza. Inafanya kazi, ingawa ni mpaka wa mto Songwe: mto ndio unaotutenga na Malawi, na kwa kuwa huhama njia yake wakati wa mafuriko, kuna watu waliolala upande mmoja wakaamka wa pili. Nikisahau kuandika *ki*, neno linahamia nchi ya jirani yake bila pasipoti, linakunjwa humo, na silioni tena. Limenitokea. Dawa niliyoipata ni kubadili maandishi ya ukingo. Vim kwa kawaida huandika idadi ya mistari iliyomo kwenye mkunjo, kwa Kiingereza. Nimeigeuza iseme Kiswahili: *umundu, mistari 4*. Nikipitia orodha nikaona *mistari 9*, najua humo ndani kuna mgeni.

Kuna kero pia. Faili likiwa refu, Vim hailisomi lote tangu juu ili kupaka rangi; hukisia kutoka mistari ya karibu, kama mtu aliyeingia msibani akadaka maneno ya mwisho ya hotuba. Ukiruka ghafla hadi katikati, pengine maelezo marefu yanavaa rangi ya kitu kingine. Unaweza kuilazimisha ianze mwanzo kila mara, lakini kompyuta ya mtumba hulalamika. Mimi huvumilia.

Kuhusu skrini nyeusi, vijana wa mjini hubishana kama giza au mwanga ndio bora kwa macho. Waje Kyela mvua zikianza. Umeme umekatika, betri imebaki nusu, nje kumbikumbi wanapaa, na ndani ya nyumba nzima mwanga pekee ni wa kompyuta yako. Skrini ikiwa nyeupe, baada ya dakika tano unaandika kwa mabawa. Ikiwa nyeusi yenye herufi chache za manjano, wanakuja wachache, wanapotea njia, wanakwenda kwa jirani mwenye taa ya sola. Sijasoma utafiti wowote juu ya hili.

Mwanzoni nilikuwa na rangi tisa. Nilikuwa mlevi wa rangi: mahali zambarau, wingi bluu ya ziwa, mfano kijani kibichi, hata nukta niliipa rangi. Ukifungua faili lilikuwa kama duka la kanga, na kama duka la kanga hukumbuki ulichokwenda kununua. Nikaanza kuondoa. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, ilipambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na hakuna aliyewahi kusema wanakili wale walikosa ufundi. Mimi nimebaki na nne. Manjano ni kidahizo. Nyeupe ni maana. Kijivu ni kila kisichohitaji kusomwa mara ya kwanza: alama zenyewe, mahali, viambishi. Nyekundu ni kosa, na kosa peke yake. Rangi hiyo sikuipa kazi nyingine, hata mahali ambapo ingependeza. Siku faili halina nyekundu, nalala.

Au nilikuwa nalala. Kanuni zangu zote pamoja ni mistari 31, na sijaongeza mmoja tangu masika yaliyopita, kwa sababu makosa yaliyobaki hayana umbo. Neno limeandikwa sawasawa, herufi zake ni zile za kweli, wingi upo, mahali papo, limekunjwa vizuri mistari minne, na maana yake si hiyo. Hilo ni jiwe. Limevaa weupe wa mchele na hakuna ruwaza itakayolikamata, maana kwa kompyuta halina tofauti na wenzake.

Kwa hiyo Jumapili jioni nakunjua vitomeo vichache na kumsomea mama kwa sauti, yeye akiwa na ungo wake mapajani. Haangalii skrini kamwe; anasema inamuumiza macho. Anasikiliza. Jumapili iliyopita nilimsomea hamsini, akanisimamisha mara nne. Vyote vinne havikuwa na nyekundu hata kidogo.